Theluji ya Barabarani

Saimi Kettunen alikuwa na tuta moja la maua, na katika tuta hilo alikuwa na ua moja tu la maana. Lilikuwa pioni. Lilikaa upande wa kusini wa nyumba, hatua sita kutoka njia ya kijiji, na kila mwaka mwishoni mwa Juni lilitoa maua mekundu makubwa kama mabakuli ya supu. Yaliinama kwa uzito wake, yakadumu siku kumi, yakapukutika, basi, mpaka mwaka mwingine. Arvi, mume wa Saimi, alilipanda mwaka aliozaliwa binti yao Outi. Sasa Outi alikuwa na miaka thelathini na tisa, anaishi Gothenburg kule Uswidi na mumewe Lasse, na Arvi alikuwa ametimiza miaka mitatu makaburini. Ua lilikuwa bado palepale.

Agosti Outi alipiga simu.

"Mama, nyumba tuliyohamia ina kibustani mbele. Kadogo ka kuchekesha, lakini jua lipo. Unaweza kunikatia kipande cha lile ua?"

"La baba yako?"

"Kwani kuna lingine? Nakuja kulichukua mwenyewe. Septemba, Alhamisi ya tatu. Likizo nimeshaomba."

"Haya, mwanangu," Saimi alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utotoni, na simu ilimpunguzia hata hayo machache. Lakini alipokwisha kukata alisimama ukumbini muda mrefu, kiganja kikiwa juu ya simu, kana kwamba simu yenyewe ingeweza kuondoka. Outi alikuwa hajafika nyumbani tangu mazishi ya baba yake. Safari ile alilala siku mbili, akaenda zake.

Pioni halipendi kusumbuliwa. Likishakaa mahali linaweza kukaa miaka hamsini, na Arvi enzi zake hakumruhusu mtu hata kupitisha jembe karibu. Jumanne ya wiki ile Saimi alilichimbua. Ilimchukua asubuhi nzima. Shina lilitoka ardhini kama fungu la mihogo iliyoshikana, zito, limejaa macho mekundu ambayo ndiyo machipukizi ya mwakani. Alipitisha kisu cha mkate motoni, akalipasua katikati. Huku macho manne, huku macho matano. Nusu yenye matano akaitenga kuwa ya Outi. Nusu ya macho manne aliirudisha shimoni. Ile nyingine akaiviringisha kwenye gunia lenye unyevu, akaiweka chini kwenye stoo ya viazi isubiri siku mbili. Kisha akaoka mkate mtamu wa iliki, akatandika kitanda cha chumba cha juu.

Alhamisi asubuhi simu ililia.

"Mama, usinikasirikie."

"Sijakasirika."

"Sijasema bado! Kazini wawili wameumwa kwa mpigo, bosi amenifutia likizo. Nilikuwa nimeshapanga na begi. Ua litakaa tu, si ndiyo? Nitakuja Mei. Au sikukuu ya katikati ya kiangazi, hiyo hakika."

"Litakaa," Saimi alisema. "Usijali."

Halikuweza kukaa, bila shaka. Nusu ya shina ndani ya gunia haifiki hata Novemba. Saimi alichimba shimo la pili kwenye tuta lilelile, pembeni ya la kwanza, kwa sababu sehemu nyingine ya uwanja wote ilikuwa kivuli. Ikawa nusu ya Outi imekaa upande wa njia, na ile ya zamani upande wa ukuta. Chini ya kila moja aliweka unga wa mifupa, konzi mbili, na mboji iliyooza miaka miwili mpaka imekuwa nyeusi na haina harufu. Samadi mbichi hakuigusa. Ua linalojiandaa kulala ukilipa chakula kikali linaamka, linatoa vijani laini, na baridi ya kwanza inavichoma vyote. Macho aliyafukia vidole viwili tu, kwani yakienda chini zaidi unapata majani matupu miaka na miaka. Mwisho akanyunyiza majivu ya jiko la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, kidogo, kuzunguka, si juu yake.

Baada ya hapo ilibaki kungoja. Ua lililopasuliwa huingia kwenye baridi kama mgonjwa aliyetoka kushonwa: mizizi midogo ya kushika udongo haijaota. Baridi kali ikilikuta wazi, ardhi inavimba na kulisukuma juu, kama mtu anavyotema kokwa. Kwa hiyo linafunikwa. Lakini ukilifunika mapema, udongo ukiwa bado na joto, panya wanahamia humo na shina linaoza. Novemba nzima Saimi alitoka kila asubuhi kugonga tuta kwa kisigino. Siku lilipolia kama ubao, alitandaza majani makavu, juu yake matawi ya msonobari, na wiki iliyofuata theluji ikaanguka ikamalizia kazi. Hakuna blanketi linaloishinda theluji. Pale kijijini kila mwenye tuta la maua huipakua theluji kutoka paani na kuirundika juu yake, na mtu akipita akakuta tuta la mwenzake liko wazi, humrundikia naye, kama mtu anavyorudisha kuku wa jirani.

Aliyepita kwa Saimi alikuwa mmoja. Reino alikuwa jirani wa ng'ambo ya shamba, mwanamume wa miaka sitini na sita ambaye hakuwahi kuoa, na ndiye aliyesafisha njia ya kijiji kwa trekta lake. Theluji ikianguka, alikuja. Akimaliza njia alikuwa akizima trekta kwenye lango la Saimi, anagonga viatu ukumbini, anaingia jikoni kunywa kahawa vikombe vitatu, si viwili wala vinne. Theluji isipoanguka hakuja. Kulikuwa na wiki ambazo Saimi, ikifika Alhamisi, alikumbuka kwamba hajatoa sauti tangu Jumapili. Hapo alikuwa akiijibu redio, aone kama koo bado linafanya kazi. Redio ikisema habari za asubuhi, naye anasema nzuri.

Krismasi Outi alipiga.

"Ua langu linaendeleaje?"

"Limelala."

"Lifunike vizuri."

"Limefunikwa."

Baada ya mwaka mpya hali ya hewa iligeuka. Mvua ilinyesha juu ya barafu siku mbili, mlima wa njia ukawa kama kioo kilichopakwa mafuta, na lori la maziwa likateleza likaishia mtaroni. Reino akamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu na mchanga mlima mzima. Kisha baridi kidogo ikarudi, na theluji ikaanguka usiku na mchana.

Siku ya tatu Saimi alikuwa jikoni, mikono kwenye unga, aliposikia trekta likifika. Lilinguruma muda mrefu kuliko kawaida. Likaenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele tena. Alipotoka barazani alimkuta Reino amesimama mbele ya tuta, mikono kiunoni. Juu ya pioni palikuwa na kilima cha theluji kinachomfika Saimi kifuani.

"Mama mwenye nyumba!" Reino aliita. "Mvua ilikuwa imekula blanketi lote, limebaki kama shuka la hoteli. Nimekuwekea godoro."

"Jamani, Reino."

"Redio imesema Jumapili baridi inashuka nyuzi thelathini. Nikasema, hapana, ua la Arvi haligandi mimi nikiwepo. Nimekusanya ya njia yote, kuanzia mlimani."

"Kuanzia mlimani," Saimi alisema.

"Mlima mzima! Kahawa imechemka?"

Ilikuwa imechemka. Alikunywa vikombe vitatu, akala vipande viwili vya mkate, akaeleza jinsi lori la maziwa lilivyovutwa na dereva alivyotukana kwa Kifini na Kirusi pamoja. Saimi alicheka mahali pa kucheka. Trekta lilipoondoka alivaa koti, akaenda tutani. Theluji ile haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake chembe za mchanga ziling'aa. Aliokota kibonge, akaweka ulimini.

Chumvi.

Alikitema. Akaokota kingine kutoka upande wa ukuta, akaonja, nacho vilevile.

Chumvi haifanyi haraka. Inakaa imeganda ndani ya theluji hadi Aprili, halafu theluji ikiyeyuka inashuka nayo ardhini, na mizizi iliyoamka na kiu ndiyo inayonyonywa maji badala ya kunywa. Ua kubwa la miaka mingi labda lingevumilia. Nusu mbili zilizopasuliwa juzijuzi zisingevumilia, hasa ile ya upande wa njia. Theluji ile ilibidi iondoke, na iondoke kabla ya Jumapili, na mahali pake iwekwe nyingine safi, la sivyo nyuzi thelathini zingekuta tuta liko uchi.

Alimwona Reino akivuka shamba, taa za trekta zikipanda na kushuka. Angeweza kumpigia simu akifika. Ana trekta; angeiondoa yote kwa dakika kumi. Saimi alikwenda ukumbini, akashika simu. Akakumbuka uso wa Reino pale alipokuwa amesimama mikono kiunoni. Mtu amekuja kukusitiri, wewe umwambie amekuwekea sumu. Na je, asipokuja tena? Aliirudisha simu mahali pake, akaenda kibandani kutafuta beleshi.

Mwezi wa Januari mwanga hautoshi kwa kazi ndefu. Unakuja saa nne kasoro na saa tisa umeshaondoka. Ijumaa alifanya kazi mwanga wote, na Jumamosi pia. Alitumia beseni jekundu la kutelezea thelujini, lenye kamba, ambalo Outi alichezea akiwa mtoto. Anajaza, anavuta hadi mtaro ulio nyuma ya kibanda cha kuni, unaopeleka maji msituni, anamwaga, anarudi. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu tangu alipokuwa akikamua ng'ombe wa watu, na kufikia mchana wa Ijumaa alikuwa akivuta beseni kwa kurudi kinyumenyume, kwa sababu hivyo iliuma kidogo. Alipofika kwenye matawi ya msonobari akakuta nayo yameloa chumvi, akayatupa. Majani makavu akayatupa. Udongo alioukuta chini ulikuwa mgumu na msafi, akaonja nao.

Jumamosi alikata matawi mapya, kisha akaanza safari za kurudisha, kutoka shamba la nyuma ya sauna ambako hakuna gurudumu lililopita. Theluji ya shambani ilikuwa nyepesi, inataka mabeseni mawili kufanya moja. Alipomaliza mwanga ulikuwa umekwisha na mikono haikumtii kufungua kitasa. Alikula supu akiwa amesimama, maana aliogopa kwamba akikaa hatainuka.

Jumapili kipimajoto kilionyesha nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Saimi alikaa dirishani akalitazama tuta lake. Lilikuwa jeupe kweli. Simu haikulia siku ile. Hakuna aliyejua alichofanya, na hilo, alipolifikiri, lilimshangaza kidogo: kwamba mtu anaweza kufanya kazi kubwa kiasi kile na ulimwengu mzima usiwe na mtu hata mmoja wa kumpa pole.

Jumatano baridi ililegea, theluji ikaanguka tena, na Reino akaja. Safari hii Saimi alikuwa sauna anapanga kuni. Alisikia trekta likienda mbele, likirudi nyuma. Alikimbia kadiri nyonga ilivyomruhusu. Alichelewa.

"Upepo umekuibia!" Reino alipiga kelele kutoka juu ya kiti cha trekta. "Lilikuwa limeshuka nusu! Nimelirudisha, nimeongeza na la ziada!"

"Usijisumbue, Reino, kweli."

"Kujisumbua nini? Angekuwa Arvi angenirundikia mpaka mlangoni nisiweze kutoka."

"Naona limetosha."

"Halijatosha. Nitapita tena kesho kutwa."

Jikoni Saimi alimimina kahawa kikombe cha kwanza, akasema moyoni, sasa. Cha pili, sasa. Reino alikuwa akieleza ndoto aliyoota kuhusu samaki mwenye masikio. Cha tatu kilikwisha, akainuka, akashukuru, akaondoka, na neno lilikuwa bado kooni kwa Saimi kama kidonge kilichokwama. Alinawa uso, akavaa koti, akaenda kuchukua beleshi.

Kesho yake saa tano alikuwa anavuta beseni la tisa au la kumi, kinyumenyume, aliposikia mlango wa gari. Reino hakuja na trekta. Alikuja kwa gari lake dogo, na mkononi alishika samaki aliyemvua asubuhi ile ziwani chini ya barafu, amepitishwa kamba mdomoni.

Alisimama. Akatazama beseni, akatazama tuta lililoliwa nusu, akatazama alama za miguu zinazozunguka kibanda cha kuni.

"Unafanya nini?"

"Mazoezi," Saimi alisema.

"Mazoezi! Kwa nyonga hiyo? Theluji niliyoileta mimi?"

Saimi aliachia kamba. Alikuwa anahema, na labda ni kwa sababu hakuwa na pumzi ya kutosha kulipamba, neno lilitoka lilivyo.

"Ina chumvi, Reino."

"Ina nini?"

"Umeitoa mlimani. Ulimwaga chumvi kule. Onja."

Hakuonja. Uso wake ulibadilika taratibu, akihesabu siku.

"Na ile ya kwanza?"

"Ile nayo."

"Godoro."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo upepo haukuiba kitu. Ni wewe."

"Ni mimi. Siku mbili."

"Na siku ile ulinipa kahawa."

"Nilikupa."

"Na mkate."

"Na mkate."

"Ukakaa pale unaniangalia najisifu kama jogoo." Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu kama angepaza. "Na jana tena. Nimesafisha njia hii miaka ishirini na minne, Saimi. Ungesema neno moja. Ningeleta trekta ningeitoa yote kabla hujamaliza kufunga vifungo vya koti. Unaniona mimi ni mtu wa kuogopwa?"

"Sikutaka uache kuja," Saimi alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, akitazama beseni, na Reino alikuwa ameshageuka. Samaki alimtundika kwenye nguzo ya lango. Gari likaondoka.

Saimi alimaliza kazi. Ilimchukua siku ile na nusu ya iliyofuata. Samaki alimpika supu iliyokaa siku nne, kwa kuwa alikuwa mkubwa, samaki wa watu wawili.

Theluji ilianguka mara nyingine nyingi. Trekta lilikuja na kupita. Saimi aliona kwamba sepeto la mbele limegeuzwa, kwamba sasa theluji yote ya njia inakwenda upande wa pili, mtaroni, na kwamba mbele ya tuta lake Reino hupunguza mwendo ili isiruke hata kidogo. Lakini hakuzima trekta. Saimi alikuwa akiweka birika jikoni kila aliposikia mngurumo, na kila mara akaliondoa. Februari ikapita hivyo. Machi, siku moja njia ikiwa imeganda tena, trekta lilisimama langoni, injini ikiwaka. Saimi alitoka mbio bila kofia. Reino alifungua kidirisha.

"Nimemwaga mchanga mtupu," alisema. "Hauna kitu."

"Asante, Reino. Ingia basi..."

"Nina mlima wote bado." Akafunga kidirisha.

Aprili theluji iliyeyuka. Saimi aliondoa matawi kidogo kidogo, siku za mawingu tu, ili jua lisiyaamshe maua kabla ardhi ya chini haijalegea. Mei ilipofika siku kumi, nusu ya zamani, ile ya upande wa ukuta, ilitoboa udongo: machipukizi matatu, mekundu na makali kama penseli zilizochongwa. Saimi alipiga magoti kwa shida akayatazama. Aliyalisha siku ileile, konzi ya unga wa mifupa na majivu kidogo, mbali na shina, akafukua juujuu kwa vidole na kumwagia maji ya vuguvugu.

Upande wa njia hapakuwa na kitu.

Alijiambia kwamba iliyohamishwa huchelewa. Wiki moja, wiki mbili. Ya ukutani ilifika gotini, ikafungua majani. Kila asubuhi alitoka na kikombe cha kahawa akasimama juu ya udongo ule mtupu, na kila asubuhi akauona jinsi alivyouacha. Siku ya mwisho ya Mei aliweka kikombe chini, akaingiza kidole. Jicho la kwanza alilolikuta lilikuwa laini kama kiazi kilichochemshwa jana. Akafukua kwa mkono. Yote matano yalikuwa hivyo, ya kahawia, na shina chini yake likakatika lenyewe alipolinyanyua na kutoa harufu. Hakujua kama ni chumvi iliyobaki, au ile Jumamosi tuta lilipokaa wazi, au kukaa ndani ya gunia Septemba. Alilibeba kwa mikono yote miwili hadi kwenye lundo la taka za bustani, akalifunika kwa nyasi.

Jumapili Outi alipiga simu. Nyuma yake kulisikika vyombo, mtu anacheka, redio ya Kiswidi.

"Mama! Hali?"

"Nzuri."

"Huku joto mpaka tunakula nje. Sikiliza, kuhusu sikukuu. Mambo yamebanana kidogo, lakini rafiki yake Lasse anapita na gari huko kwenu mwezi wa saba. Nikafikiri anaweza kulichukua lile ua langu. Ulitie kwenye ndoo tu. Limeota vizuri?"

Saimi alikuwa amesimama ukumbini. Majibu yalikuwepo, yamejipanga: limeota, ndiyo, vizuri, usijali. Rafiki wa mkwewe angekuja, ile iliyobaki ingepasuliwa tena, kingepatikana kipande. Mtu asiyemjua angeingia uwanjani, angepakia ndoo, angeondoka.

"Limekufa," alisema.

"Nini?"

"Lako limekufa. La ukutani limepona."

"Jamani, mama! Lilikufaje? Si ulisema limelala?"

Basi Saimi akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma. Alimweleza habari za chumvi na beseni jekundu, nyonga, siku zile nne za kuvuta, Reino na samaki. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi kiasi kile kwenye simu. Mahali fulani katikati vyombo viliacha kugongana, na mlango ulifungwa, na Outi akawa yuko mahali pa kimya.

"Peke yako?" aliuliza.

"Nani mwingine?"

"Mbona hukuniambia? Nilipiga Januari. Nilipiga Februari."

"Uliuliza habari za ua."

Sauti ya Outi ilirudi ikiwa nzito. "Samahani, mama. Sikujua. Basi huyo rafiki yake Lasse asije. Tutapasua lile lililobaki Septemba, nitakuja nikuchimbie mwenyewe."

"Haliwezi kupasuliwa. Limetoka kupasuliwa. Linataka miaka mitatu, minne ndipo liguswe."

"Minne!"

"Minne. Hakuna cha kuchukua hapa, Outi." Saimi alishika ukingo wa kimeza cha simu. "Njoo hivyohivyo."

"Nije kufanya nini?"

"Kukaa."

Kwa kawaida mahali kama hapo Saimi alikuwa akitaja hali ya hewa, ili mtoto asipate taabu. Safari hii alinyamaza akangoja. Alisikia kiti kikivutwa, kisha droo ikifunguliwa, kisha karatasi.

"Juni imejaa," Outi alisema taratibu, kama anayejisomea. "Julai wiki mbili za mwanzo niko zamu."

Ukurasa ukageuzwa. Saimi aliusikia vizuri kabisa, ng'ambo ya bahari yote ile.

"Subiri, mama," Outi alisema. "Usikate. Naangalia."

"Sikati," Saimi alisema.